Mtwara hadi Jeddah: kilomita, saa za angani na saa za njiani

Weka rula kwenye ramani kuanzia Lindi mjini, ipandishe wima kaskazini. Itakata kisiwa cha Mafia, itaiacha Unguja kushoto, itapita Pemba na Mombasa, itapanda nyanda za juu za Ethiopia, itavuka Eritrea na Bahari ya Shamu, kisha itafika Makka. Lindi iko longitudo ya digrii 39.7 mashariki na Makka 39.8. Mtwara iko 40.2, na Jeddah, mji wenye uwanja wa ndege wa kwendea Makka, 39.2. Ndiyo maana kibla cha misikiti yetu ya kusini kinaelekea kaskazini karibu moja kwa moja, na ndiyo maana adhuhuri ya Lindi na ya Makka huingia karibu dakika ile ile.

Sisi tunaowapangia watu wa Mtwara na Lindi safari za umra na Hijja huanza na mstari huo, kwa sababu unamwezesha mtu kupiga hesabu ya umbali mwenyewe, kwa kalamu na karatasi. Uwanja wa ndege wa Mtwara uko digrii 10.3 kusini ya ikweta. Wa Jeddah uko digrii 21.7 kaskazini ya ikweta. Jumlisha, unapata 32. Kila digrii ya kwenda kaskazini au kusini ni maili 60 za baharini, na maili moja ya baharini ni kilomita 1.852, kwa hiyo digrii moja ni kama kilomita 111. Mara 32, unapata kilomita 3,552. Hesabu za kompyuta zinazofuata umbo halisi la dunia hutoa karibu 3,540. Tofauti hiyo si ya kumsumbua msafiri.

Njia hii ya mkato inafaa tu pale viwanja viwili vinapokuwa kwenye longitudo zinazokaribiana. Ukiitumia kwa Dubai au Guangzhou itakudanganya sana, maana huko safari inakwenda kaskazini na mashariki kwa pamoja, na njia fupi juu ya dunia iliyo duara haionekani kama mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani.

Jambo la pili ni hili: kupitia Dar es Salaam hakuongezi umbali wowote wa maana. Mtwara hadi Dar kwa anga ni karibu kilomita 400, Dar hadi Jeddah karibu 3,160. Jumla 3,560, yaani takriban kilomita 20 tu zaidi ya mstari ulionyooka. Watu wengi wa kusini hulalamika kwamba kupitia Dar ni kuzunguka. Si kuzunguka hata kidogo, Dar iko njiani. Kinachotula muda ni kusubiri, na huko ndiko akili yote ya kupanga safari inakotakiwa kwenda.

Sasa saa. Programu za kwenye simu zitakuambia Mtwara hadi Jeddah ni saa nne na dakika arobaini na kitu. Zinachukua mstari ulionyooka, zinaugawa kwa mwendo wa ndege kubwa, zinaongeza nusu saa, basi. Haziangalii kama kuna ndege inayoruka njia hiyo, na kwenye ratiba za kawaida hakuna. Jibu lao ni sahihi kama hesabu, ila kwa mtu anayepanga siku ya kutoka nyumbani halifai kitu.

Hesabu inayofaa ni ya kipande kwa kipande. Ndege ya jeti ikishafika juu hukata kilomita 830 hadi 900 kwa saa. Chukua 850 kama wastani, gawa umbali wa kipande, kisha ongeza dakika 40. Hizo dakika 40 ni za kusukumwa kutoka maegeshoni, kutambaa hadi kwenye njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na kutambaa tena hadi mlango unapofunguliwa. Muda unaoandikwa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea ilipoegeshwa hadi inaposimama kule iendako, ndiyo maana dakika hizo lazima ziingie. Kwa Dar hadi Jeddah moja kwa moja unapata saa 4 na dakika 23 hivi. Kwa Dar hadi Guangzhou, kilomita 8,700, unapata saa 10 na dakika 54. Ukilinganisha na ratiba utaona haitofautiani sana.

Kwenye kipande kifupi kama Mtwara–Dar, aina ya ndege haina uzito ambao watu wanaipa. Ndege ya mapangaboi kama Dash 8-Q400 husafiri juu kwa kilomita 600 hadi 660 kwa saa, lakini haihitaji kupanda juu sana na hushuka upesi. Jeti kama Airbus A220 ina mwendo mkubwa, ila kwa kilomita 400 inakuwa imemaliza kupanda na karibu saa ileile inaanza kushuka. Zote mbili zitakupa saa moja na dakika chache. Usibadilishe siku ya safari kwa kufuata jeti. Badilisha kwa kufuata ndege ya asubuhi.

Asubuhi, kwa sababu ndege za Mtwara ni chache kwa siku, na ndege ileile inayokuja Mtwara huwa imetoka au inakwenda kufanya safari nyingine. Ikichelewa sehemu moja, ucheleweshaji unarithiwa na kila safari inayofuata. Ya kwanza ya siku hairithi cha mtu. Miezi ya mvua zetu, Desemba hadi Aprili, mawingu ya chini nayo huongeza uwezekano wa kuchelewa. Na kuanzia Oktoba minada ya korosho inapoanza, viti vya Dar–Mtwara hugombewa na wanunuzi, kisha fedha za wakulima zikishaingia, familia zinazotaka kwenda umra huja kukata tiketi wote kwa wakati mmoja, na Desemba ni likizo ya shule. Kipande cha saa moja ndicho kinachojaa kwanza. Tunawaambia watu wakate kipande cha Mtwara siku ileile wanayokata cha Jeddah, wasiseme "hicho cha ndani nitakipata tu".

Ukiikosa ndege ya Mtwara, barabara ipo: karibu kilomita 560 kupitia Mingoyo, Nangurukuru, Somanga na Daraja la Mkapa kwenye Rufiji. Kwa basi weka saa 9 hadi 10 mpaka Dar, ukiwa na Mungu. Barabara hii inakatika. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, mafuriko yaliikata eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Kwa hiyo anayechagua basi wakati wa mvua aondoke siku mbili kabla ya ndege kubwa.

Mtu wa Lindi mjini ana uamuzi wake. Kushuka Mtwara ni kilomita 105 hivi, mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili, kisha uwanjani saa mbili kabla ya ndege, kisha saa moja angani: jumla saa tano. Kwenda Dar kwa gari ni karibu kilomita 450, saa saba au nane. Kurudi kusini ili upande ndege ya kaskazini kunaonekana kichekesho kwa wazee, lakini kwa mtu mwenye miguu inayovimba, saa tano zenye kunyooka na kutembea ni bora kuliko saa nane za kiti cha basi. Kwa kijana mwenye mzigo mwepesi, basi halina ubaya. Wa Masasi waongeze karibu kilomita 200 za kufika Mtwara, na tunawashauri walale Mtwara usiku wa kuamkia safari.

Kuanzia Dar, swali ni uunganishe ndege wapi. Hapa ule mstari wa longitudo unarudi na faida kubwa. Addis Ababa iko 38.8 mashariki, yaani karibu juu ya mstari wetu kabisa. Dar hadi Addis ni kilomita 1,755, Addis hadi Jeddah 1,405, na jumla yake ni ileile 3,160 ya moja kwa moja. Angani utakaa saa 5 na dakika 3 kwa vipande vyote viwili. Kupitia Doha ni kilomita 3,800 na 1,330, jumla 5,130, saa 7 na dakika 22. Kupitia Dubai ni 3,960 na 1,700, jumla 5,660, saa 8 kamili, na miezi ya baridi kipande cha Dubai–Jeddah huongezeka kidogo kwa sababu upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na ndege inaukabili. Maana yake, anayepitia Dubai anasafiri kilomita 2,500 za ziada, sawa na kwenda Mtwara na kurudi Dar mara tatu.

Hata hivyo saa za angani si za kuamulia peke yake. Mapumziko ya saa tatu Addis ni mazuri, ya saa kumi na mbili usiku kucha kwenye kiti cha chuma ni mateso kwa bibi wa miaka sabini, na hapo njia ndefu ya Doha yenye mapumziko ya saa tatu inashinda. Jumlisha angani na kusubiri, ndipo ulinganishe bei. Mapumziko ya chini ya saa moja na nusu kwa kundi lenye wazee tunayakataa hata kama mfumo unayauza. Viti vya magurudumu huombwa mapema, angalau saa 48 kabla, kwa kila kipande cha safari na si kipande cha kwanza tu, na abiria wa kiti cha magurudumu mara nyingi hushuka wa mwisho kabisa.

Jumla ya safari kwa mtu aliyetoka Mtwara kupitia Addis, tukiiweka mezani: saa mbili uwanjani Mtwara, moja angani, sita Dar, mbili na dakika arobaini na tano hadi Addis, tatu za kusubiri, mbili na dakika ishirini hadi Jeddah, mbili za uhamiaji na mizigo, moja na nusu ya barabara hadi Makka. Ni saa 20 na nusu. Kati ya hizo, angani ni sita tu.

Zile sita za Dar huwaudhi watu, wanaona tunawapotezea muda. Sababu zake ni tatu. Ndege za ndani hutumia jengo la pili la Uwanja wa Julius Nyerere, na safari nyingi za kimataifa hutumia jengo la tatu lililofunguliwa Agosti 2019. Ni majengo tofauti, unatoka nje na mizigo yako unapanda gari. Kaunta za kimataifa hufunguliwa saa tatu hivi kabla ya safari na kufungwa dakika 60 kabla, bila huruma. Na iliyo kubwa kuliko zote: kama tiketi ya Mtwara–Dar na ya Dar–Jeddah zimekatwa mbali mbali, shirika la ndege kubwa halina wajibu wowote kwako ndege ya Mtwara ikichelewa. Kiti kinapotea, na mara nyingi cha kurudia nacho hufutwa kwa sababu hukutokea kwenye cha kwendea. Tiketi zikiwa moja, yaani namba moja ya uhifadhi yenye vipande vyote, ukichelewa wao ndio wanaokutafutia ndege nyingine. Tiketi zikiwa mbili na safari ni ya Hijja, saa sita hazitoshi. Lala Dar usiku mmoja.

Sasa saa za kwenye tiketi, ambazo zimewakosesha watu ndege kuliko mvua na barabara. Tiketi huandikwa kwa saa 24 na kwa saa za mahali ndege ilipo. Kuzigeuza kuwa saa zetu: namba iliyo kati ya 00 na 06 ongeza sita, iliyo juu ya 06 hadi 18 toa sita, iliyo juu ya 18 toa kumi na nane. Basi 02:00 ni saa nane usiku, 14:00 ni saa nane mchana, 20:00 ni saa mbili usiku. Kosa la kawaida ni mtu kuona 02:00 akasoma saa mbili, akaja saa mbili asubuhi.

Kosa baya zaidi ni la tarehe. Ndege ya saa 01:30 Ijumaa tarehe 15 inaondoka usiku ambao watu wamekula futari ya Alhamisi tarehe 14. Anayekuja Ijumaa baada ya Isha amechelewa karibu siku nzima. Wazee wetu wanaohesabu siku kuanzia Magharibi hawakosei hapa, kwao huo ndio usiku wa Ijumaa. Vijana ndio wanaokosea. Kwenye karatasi tunayompa kila msafiri tunaandika "usiku wa kuamkia Ijumaa", na chini yake "uwe uwanjani Alhamisi saa nne usiku". Saa ya kuwa uwanjani ni muhimu kuliko saa ya kuruka, kwa hiyo iandikwe kwa herufi kubwa zaidi.

Tofauti za saa kati ya nchi kwenye njia hii ni chache, tushukuru. Tanzania, Ethiopia, Qatar na Saudi Arabia zote zinatumia majira yaleyale. Dubai pekee iko mbele kwa saa moja. Kwa mfano, ndege ikitoka Dar 17:00 na kufika Dubai 23:20, ukitoa unaona saa 6 na dakika 20, lakini toa ile saa moja, ni 5 na dakika 20. Kurudi ni kinyume: ikitoka Dubai 10:00 na kufika Dar 14:20, inaonekana saa 4 na dakika 20, nawe umekaa angani 5 na dakika 20. Aliyefunga Ramadhani akitoka Dubai alasiri kwenda Jeddah ajue anakimbizana na jua. Kila digrii ya longitudo ni dakika nne, na viwanja hivyo vimeachana kwa digrii 16, hivyo Magharibi yake itachelewa kama saa nzima na zaidi. Kwenye mstari wetu wa Addis hakuna jambo hilo.

Hesabu ya umbali ina kazi moja nyingine ambayo kwa mwenye nia ya umra ni kubwa kuliko zote, nayo ni mikati, yaani mipaka ambayo mwenye nia ya umra au Hijja haivuki kabla ya kunuia na kuvaa ihramu (kwa wanaume, shuka mbili za ibada hiyo). Ndege inayotoka kusini hufika usawa wa Yalamlam, mikati ya upande wa kusini, ikiwa imebakiwa na kilomita 120 hadi 130 kufika Jeddah. Ndege inayotoka Dubai au Doha hupita usawa wa Qarn al-Manazil, mikati ya upande wa Taif, ikiwa na umbali kama huo. Kwa mwendo wa kushuka hizo ni dakika 15 hadi 20 kabla ya kugusa ardhi. Lakini ndege ya jeti huanza kushuka ikiwa na zaidi ya kilomita 200 mbele yake, na ikishaanza kushuka taa ya mkanda huwaka, vyoo hufungwa, wahudumu huketi. Maana yake mikati inakukuta umefungwa mkanda. Anayesubiri tangazo ndipo avae ihramu hataweza kusimama. Wanaume wavae kabla ya kupanda ndege ya mwisho, Addis au Doha au hata Dar, na wabakize nia na talbia (maneno ya kuitikia mwito wa Mungu) kwa ajili ya angani. Shuka za ihramu ziwe kwenye begi la mkononi. Kila mwaka kuna watu ambao shuka zao zimekwenda chini na mabegi makubwa. Ni lipi la kufanya ukipitiwa, muulize sheikh wako kabla ya kuondoka.

Wanaoanzia Madina hawana shida hiyo. Uwanja wa Madina uko digrii 24.6 kaskazini, kilomita 320 hivi zaidi ya Jeddah kwa hesabu yetu ileile, na mikati yake, Dhul Hulayfa, iko nchi kavu nje kidogo ya mji. Wanavaa wakitoka Madina kwenda Makka, kwa utulivu. Kwa kundi la wazee tunaipenda njia hii sana.

Kurudi ni kilomita zilezile, ila mizigo imebadilika. Tiketi nyingi za Jeddah huruhusu mabegi mawili ya kilo 23, na ya ndani ya Mtwara mara nyingi ni kilo 23 kwa jumla. Aliyejaza mabegi mawili atalipia zidio Dar, na ndege ndogo ikiwa imejaa, begi la pili litamfuata siku nyingine. Maji ya Zamzam hununuliwa uwanjani Jeddah kwenye boksi lake la lita tano. Usiyafiche ndani ya begi la nguo, yatatolewa kwenye ukaguzi, na kwenye begi la mkononi kimiminika hakizidi mililita 100. Ukifika Dar boksi hilo nalo linahesabiwa kwenye kilo za Mtwara, kwa hiyo acha nafasi ya kilo tano na nusu. Na ndege ya Mtwara ya kurudia ikatwe ya asubuhi ya siku inayofuata. Jeddah huwa na foleni ndefu msimu wa Hijja, ndege za kurudi huchelewa kwa saa nyingi, na waliokuja kuwapokea kutoka Newala na Tandahimba waambiwe siku hiyo, wasianze kukaa uwanjani tangu jana yake.